Hadithi za Mashujaa wa Kale: Kwa Nini Zapendeza Ingawa Mashujaa Wake Huudhi

Hadithi za safari za hatari, za hazina zilizofichwa na za mapigano ya panga zimesomwa kwa Kiswahili tangu siku nyingi. Mwaka wa 1929 kampuni ya Longmans ilitoa vitabu viwili ambavyo vilijulikana upesi katika shule za Afrika ya Mashariki. Cha kwanza ni Kisiwa Chenye Hazina, kilichotungwa kwa Kiingereza na Robert Louis Stevenson. Cha pili ni Mashimo ya Mfalme Sulemani, kilichotungwa na Henry Rider Haggard. Aliyevifasiri vyote viwili ni Bwana Frederick Johnson, ambaye mwaka uliofuata, 1930, alikuwa Katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyozihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja.

Kutoka pwani hata Kisumu, wasomaji wa vitabu vya namna hii hugawanyika makundi mawili. Wako wanaokesha navyo mpaka mafuta ya taa yaishe. Wako pia wanaokifunga kitabu katikati kwa hasira na kusema, "Shujaa gani huyu? Aambiwa asiende, yuaenda. Aambiwa anyamaze, yuasema. Asaidiwa na watu, kisha awadharau." Malalamiko hayo si ya bure. Mashujaa wengi wa vitabu vya zamani huudhi kweli. Walakini vitabu vyenyewe vimedumu zaidi ya miaka 100, na bado vyasomwa.

Sababu yake yafaa kuelezwa, kwa kuwa iko tofauti kubwa kati ya udhia wa namna mbili. Wa kwanza ni ule ambao mtunzi aliutia makusudi ili hadithi ipendeze. Wa pili ni ule ambao mtunzi mwenyewe hakuuona, kwa sababu ulikuwa umo katika macho yake. Asiyezitenga namna hizi mbili hupata hasara, ama kwa kukitupa kitabu kizuri, ama kwa kuimeza dharau pamoja na utamu.

MAKOSA YA MASHUJAA

Yafaa kuanza na Kisiwa Chenye Hazina. Kijana Jim Hawkins yumo pamoja na wenzake ndani ya boma la magogo, na nje wako maharamia wenye bunduki. Kila mtu wa boma ana kazi yake. Jim amepewa kuosha nyumba na vyombo. Jua ni kali, kazi yamchosha, naye amwonea wivu daktari aliyetoka kwenda kutembea penye kivuli. Basi atia biskuti mifukoni, atwaa bastola mbili, atoroka bila kumwaga mtu. Askari afanyaye hivyo vitani hushtakiwa.

Katika kitabu hicho hicho yuko Bwana Trelawney, mtu mzima mwenye mali. Daktari Livesey alimwonya mapema kwamba ulimi wake ndio hatari yao kubwa. Alipofika bandari ya Bristol kununua merikebu, habari za hazina zikaenea mjini, na maharamia wakaandikwa kazi kuwa mabaharia wake. Maovu yote yaliyofuata yalitokana na kinywa hicho kimoja.

Ama katika nchi ya Ufaransa, Alexandre Dumas alitunga Mamasketia Watatu mwaka wa 1844. Shujaa wake, d'Artagnan, ni kijana wa shamba aliyefika Paris akiwa na kiburi kuliko fedha. Kwa muda mfupi agombana na askari watatu, mmoja mmoja: wa kwanza kwa kumgonga bega, wa pili kwa kuifunua aibu ya mkanda wake, wa tatu kwa sababu ya kitambaa cha mkono. Wote watatu aahidi kupigana nao kwa upanga siku ile ile. Mtumishi wake Planchet alipolalamika juu ya ujira, d'Artagnan alimpiga, kisha akamkataza kuondoka. Baadaye alilitumia pendo la kijakazi aitwaye Kitty ili ajue siri za bibi yake. Huyo ndiye ambaye watoto wa ulimwengu mzima wamecheza mchezo wa kuwa yeye.

Ama Mashimo ya Mfalme Sulemani, humo mna jambo zito zaidi. Kapteni Good ni mtu apendaye kuvaa vizuri hata porini. Wakati wa kuwinda tembo alikuwa amevaa suruali na viatu vyake vya kiungwana, na alipokimbizwa na tembo aliyejeruhiwa, viatu hivyo vikateleza katika majani makavu, akaanguka. Kijana mtumishi aitwaye Khiva aligeuka akautupa mkuki wake ili kumwokoa. Tembo akamwacha Good, akamshika Khiva, akamwua. Yaani mtu mmoja alikufa kwa sababu ya mavazi ya mwingine. Khiva akazikwa, safari ikaendelea, na Good akaendelea kunyoa ndevu na kuiweka miwani yake ya jicho moja.

KOSA NDILO LISUKUMALO HADITHI

Huenda msomaji akauliza kwa nini mtunzi hodari asimpe shujaa wake akili timamu. Jibu ni kwamba shujaa asiye na kosa hana hadithi. Kama Bwana Trelawney angalifunga kinywa chake, merikebu ingalikwenda na kurudi salama, na kitabu kingalikuwa na kurasa kumi. Kama Jim angalimaliza kuosha vyombo, merikebu isingaliponyoka mikononi mwa maharamia, maana ni yeye aliyeikata kamba yake usiku. Stevenson alilipima jambo hili kwa ustadi. Kosa la Jim ni kosa la kweli, na kapteni wake hakulisifu. Lakini ndilo lililowaokoa wote. Msomaji hubaki akiudhika na kushukuru kwa pamoja, na hali hiyo ndiyo imfanyayo afungue sura ya pili.

Iko sababu nyingine, nayo ni ya biashara. Hadithi hizi nyingi hazikutoka kwanza kama vitabu. Mamasketia Watatu ilitoka kidogo kidogo katika gazeti la Paris liitwalo Le Siècle, kuanzia Machi mpaka Julai 1844. Kisiwa Chenye Hazina ilitoka katika gazeti la vijana liitwalo Young Folks, kuanzia Oktoba 1881 mpaka Januari 1882, na Stevenson alijificha chini ya jina la Kapteni George North. Mtunzi wa namna hiyo alikuwa na haja moja kila toleo, yaani mnunuzi arudi tena. Njia iliyo rahisi ni kumwacha shujaa katika shida aliyojitakia mwenyewe. Mnunuzi hukasirika, husema "Mjinga huyu!", kisha hununua gazeti lifuatalo ili ajue mjinga yule ameponaje.

Haggard naye alisoma Kisiwa Chenye Hazina. Yasimuliwa kwamba ndugu yake alimbishia kuwa hawezi kutunga kitabu hata nusu ya kile kwa uzuri, wakawekeana shilingi moja. Mashimo ya Mfalme Sulemani kilitoka Septemba 1885. Alikiandika kwa haraka, hata katika toleo la kwanza alilifanya jua lipatwe siku moja tu baada ya mwezi mpevu, jambo lisilowezekana mbinguni. Katika matoleo ya baadaye alibadili, ikawa ni mwezi uliopatwa. Wasomaji walimsamehe, kwa kuwa hadithi ilikuwa imekwisha kuwachukua.

MAMBO HAYA SI MAGENI KANDO YA ZIWA

Asije mtu akadhani kwamba shujaa wa kuudhi aliletwa na vitabu vya Ulaya. Watu wa Nyanza walimjua zamani kabla ya kitabu cha kwanza kuchapwa kwa lugha zao. Katika desturi ya Wajaluo watoto walilala katika nyumba ya bibi mzee, iitwayo siwindhe, na huko ndiko walikofundishwa kwa hadithi. Moja iliyo maarufu kupita zote ni ya Luanda Magere, shujaa wa Kano.

Masimulizi husema kwamba mwili wake ulikuwa kama jiwe. Mikuki na mishale haikumwingia. Wanandi, ambao Wajaluo huwaita Lang'o, walishindwa naye mara nyingi. Mwisho walimpelekea msichana mzuri awe mkewe. Wazee walimwonya, naye hakusikia. Siku moja aliugua, na huyo mke alipotaka kumchanja amtie dawa, wembe haukuingia. Hapo Magere akamwambia siri yake, kwamba amchanje katika kivuli, si mwilini. Mke akafanya hivyo, akaona damu, akaenda kuwaambia watu wake. Katika vita iliyofuata walikichoma mkuki kivuli chake, akafa, akageuka jiwe. Jiwe hilo laonyeshwa hata leo katika nchi ya Kano.

Hakuna msikilizaji wa hadithi hii asiyetaka kumzuia Magere asiseme. Hata aliyeisikia mara ishirini, akifika mahali pale pa wembe, moyo humwenda mbio, akatamani safari hii anyamaze. Walakini hakuna mtoto aliyeondoka siwindhe kwa sababu Magere ni mjinga. Waliketi mpaka mwisho, na kesho yake wakaomba isimuliwe tena.

Huko pwani mambo ni yayo hayo. Fumo Liyongo, mtu wa nguvu na mshairi, hakuweza kuuawa ila kwa sindano ya shaba ikimwingia kitovuni. Alipoulizwa na mwanawe, alitambua kwamba ametumwa na adui zake, na hata hivyo akamwambia. Mwana akamchoma akiwa amelala. Liyongo akaenda mpaka kisimani, akapiga goti, akatia mshale katika upinde, akafa vivyo hivyo. Na watu wa mji hawakuthubutu kuteka maji kwa siku nyingi wakidhani yu hai. Basi, Trelawney wa Bristol, Magere wa Kano na Liyongo wa pwani ya kaskazini ni ndugu watatu. Kila mmoja alikuwa na siri, na kila mmoja akaitoa.

Desturi hii haikukoma kalamu ilipochukua nafasi ya bibi mzee. Bibi Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka wa 1930, alitoa mwaka wa 1966 kitabu chake kwa Kiingereza juu ya nchi ya ahadi. Humo kijana Ochola aiacha nchi ya Seme, karibu na Kisumu, ahamia Tanganyika kutafuta utajiri. Mkewe, Nyapol, hakutaka waondoke. Shamba lasitawi, mali yaja, na pamoja nayo uadui wa jirani. Ochola apatwa na ugonjwa mbaya wa ngozi, na hata hapo ang'ang'ania mali yake. Msomaji huudhika naye kila ukurasa, lakini hawezi kusema kwamba hajapata kumwona mtu wa namna hiyo.

Bwana Muhammed Said Abdulla wa Unguja naye aliitumia njia hiyo kwa upole zaidi. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo katika mashindano ya mwaka wa 1957 na 1958 yaliyofanywa na East African Literature Bureau, ikachapwa kuwa kitabu mwaka wa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, huvuta kiko chake na kunyamaza. Ajua jambo, na msomaji ajua kwamba yeye ajua, lakini hasemi mpaka mwisho. Magere aliudhi kwa kusema. Bwana Msa huudhi kwa kutosema.

UDHIA WA NAMNA YA PILI

Mpaka hapa shujaa ameudhi kama mtu yeyote awezavyo kumwudhi jirani yake. Sasa yafaa kutaja jambo lililo gumu zaidi, nalo lawahusu sana wasomaji wa Afrika.

Katika vitabu vingi vya safari vya karne ya 19, Mwafrika yumo, lakini yumo kama mpagazi, mtumishi, au adui wa kuuawa kwa wingi. Haggard alikuwa mtumishi wa serikali katika Afrika ya Kusini tangu mwaka wa 1875, na mwaka wa 1877 alikuwapo Pretoria bendera ya Uingereza ilipopandishwa juu ya Transvaal. Alipenda habari za Wazulu, aliwasifu kwa ushujaa, na hapo hapo aliamini kwamba kuwatawala ni haki ya watu wake. Imani hiyo imo katika kitabu chake kama maji yalivyomo katika mtungi. Yeye mwenyewe hakuona haja ya kuieleza.

Ukingo wa Ziwa Victoria wenyewe umo katika chanzo cha vitabu hivyo. Mwaka wa 1883 kijana Mskoti, Joseph Thomson, alitumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kutafuta njia ya kutoka pwani mpaka ziwani kupitia nchi ya Wamasai. Aliondoka pwani mwezi wa Machi na kufika ziwani mwezi wa Desemba, katika nchi zilizoitwa wakati ule Kavirondo. Habari zake zilitoka katika kitabu mapema mwaka wa 1885, miezi michache kabla ya kitabu cha Haggard. Thomson alieleza jinsi alivyowashangaza Wamasai kwa kuyatoa na kuyarudisha meno yake ya bandia. Katika Mashimo ya Mfalme Sulemani, Kapteni Good awashangaza watu wa Kukuana kwa meno ya bandia vile vile. Kufanana huko kulitambuliwa na watu tangu zamani.

Lakini katika hadithi ya namna hiyo, ni nani afunguaye njia? Thomson hakwenda peke yake. Alikuwa na wapagazi na walinzi zaidi ya 100, na sehemu kubwa ya safari aliandamana na msafara wa Jumba Kimameta, mfanyabiashara mashuhuri wa Pangani, aliyezijua njia za nchi ya Wamasai kabla ya Thomson kuziona. Huyo Jumba Kimameta ndiye aliyemwongoza pia Count Teleki katika safari yake ya kaskazini ya miaka ya 1887 na 1888. Mito, malisho na vijiji vilikuwa na majina, na wenyeji walivijua. Walakini katika vitabu vya safari shujaa husimama juu ya kilima na kusema ameivumbua nchi. Msomaji wa Kisumu akifika hapo ana haki ya kucheka, au kukasirika, au yote mawili.

Wala dharau haikubaki karatasini. Njia ile ya Thomson ilimvuta Askofu James Hannington, naye akaifuata mwaka wa 1885, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Miaka 16 baadaye, Desemba 1901, reli kutoka Mombasa ilifika ukingo wa ziwa mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Vijana wa Uingereza waliosoma vitabu vya Haggard walikua, na baadhi yao wakaja kutawala watu ambao walikuwa wamekwisha kuwasoma utotoni. Hadithi huweza kumfundisha mtu jinsi ya kumtazama mwenzake kabla hajaonana naye. Hilo ndilo jambo la kuangaliwa.

MSOMAJI AWEZA KUONA KULIKO MTUNZI

Je, vitabu vya namna hiyo vitupwe? Wako watu waliojibu swali hili kwa maisha yao.

Chinua Achebe wa Nigeria, aliyezaliwa 1930, alieleza kwamba alipozisoma hadithi za Haggard na wenzake akiwa mtoto, alikuwa upande wa Wazungu wema na hodari, akiwachukia washenzi waliowavizia. Siku moja alitambua kwamba yeye, kwa macho ya mtunzi, ni mmoja wa wale waliokuwa wakirukaruka ukingoni mwa mto. Kuudhika kwake kulikuwa ni mwanzo wa kazi, wala hakukuwa mwisho wa kusoma. Aliona lazima hadithi hiyo isimuliwe pia na mtu wa upande wa pili. Katika Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru mwaka wa 1938 na kufariki mwaka wa 2025, alikumbuka jinsi Kisiwa Chenye Hazina kilivyomtia hamu ya kutunga, hata akabishana na rafiki yake kama mtu ahitaji ruhusa ya serikali ili aandike kitabu. Katika uzee wake aliandika maneno makali juu ya vitabu vilivyomwondoa mtoto wa Afrika katika lugha yake. Lakini hakukana kwamba vilimpendeza.

Tena yafaa kukumbuka kwamba hadithi nzuri huwa na mambo mengi kuliko nia ya mtungaji. Katika Mashimo ya Mfalme Sulemani, mtumishi Umbopa husema na Wazungu kama mtu wa daraja moja nao, na Quatermain huudhika kwa hilo. Sehemu ya pili ya kitabu yaonyesha kwamba huyo Umbopa ndiye Ignosi, mfalme wa haki wa Kukuana. Basi aliyekuwa na adabu mbaya alikuwa nani? Mwishoni, rafiki zake wakiaga, mfalme huyo atangaza kwamba Mzungu mwingine asiingie nchini mwake: hataki wafanyabiashara wenye bunduki na pombe, wala watu wa dini watakaoifungua njia kwa wengine. Maneno hayo yalichapwa London mwaka wa 1885, mwaka ule ule mkutano wa Berlin ulipomalizika. Haggard aliyatia kinywani mwa Ignosi, na huenda wanunuzi wake wengi waliyapita upesi. Mjukuu wa mpagazi wa Kavirondo hayapiti upesi.

Hali kadhalika, wengi waliofurahia panga za d'Artagnan hawakujua zimetoka wapi. Bibi yake Dumas, mzaa baba, alikuwa Marie-Cessette, mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa katika kisiwa cha Saint-Domingue, nchi ambayo leo ni Haiti. Mwanawe, Thomas-Alexandre, alizaliwa huko mwaka wa 1762, akapanda cheo mpaka kuwa jenerali katika jeshi la Ufaransa. Na mwaka wa 1843, kabla ya Mamasketia, Dumas alitoa hadithi iitwayo Georges, ambayo shujaa wake ni kijana mwenye damu ya Kiafrika katika kisiwa cha Morisi, katika bahari yetu hii ya Hindi.

NAMNA YA KUVISOMA

Kutokana na hayo yaliyoelezwa, msomaji aweza kuyashika mambo matatu.

Kwanza, shujaa akikosa, msomaji asiharakishe kukilaumu kitabu. Aulize, "Je, mtunzi ajua kwamba hili ni kosa?" Stevenson alijua kosa la Jim. Msimulizi wa Kano alijua kosa la Magere. Kosa linalojulikana na mtunzi ni zawadi kwa msomaji, na raha yake ni kugombana na shujaa mpaka ukurasa wa mwisho.

Pili, mtunzi asipoona kosa, msomaji alione kwa niaba yake. Kifo cha Khiva hakikumzuia Haggard kwa muda mrefu, lakini hakuna sheria imkatazayo msomaji kusimama pale kaburini kwa muda zaidi. Mwalimu asomaye na watoto, au mzazi asomaye na mwanawe, aulize: Khiva alikuwa na mama? Nani alimpelekea habari? Je, mfalme Ignosi alikuwa na sababu njema ya kuifunga njia? Mtoto aliyezoezwa kuuliza hivyo hatapotezwa na kitabu chochote.

Tatu, hadithi za kigeni zisisomwe peke yake. Aliyemaliza Kisiwa Chenye Hazina atafute pia habari za Magere na za Liyongo. Bibi Asenath Bole Odaga, aliyefanya kazi yake Kisumu mpaka alipofariki mwaka wa 2014, alizikusanya na kuzichapa hadithi za Wajaluo ili zisipotee pamoja na nyumba za siwindhe. Msomaji akiziweka hadithi hizi karibu na zile za Ulaya, ataona kwamba ushujaa haukuwa mali ya taifa moja, na wala ujinga haukuwa hivyo.

Watu wa ziwa wana mfano wao wa kila siku. Mtu wa Kisumu akiandaliwa ngege, hamtupi kwa sababu ya miiba, wala haimezi miiba kwa sababu samaki ni mtamu. Huitenga polepole kwa ulimi, huiweka pembeni mwa sahani, akala akashiba. Hakuna aliyezaliwa akiijua kazi hiyo. Kila mtoto hufundishwa na mkubwa aliyeketi karibu naye. Kusoma vitabu vya mashujaa wa kale ni kazi ya namna hiyo hiyo.